Seva yangu ya Python ghalani inakataa oda za dukani, nisaidieni

Kijana_wa_Langoni

Assalaam aleikum wanajamvi.

Niko Amu, mtaa wa Langoni. Ami yangu ana duka la nafaka Usita wa Mui, na ghala lake liko vichochoro viwili nyuma. Mteja akinunua mchele magunia matano, hutumwa mtoto mbio akamwambie mtu wa ghalani apakie punda. Mtoto akikutana na wenziwe njiani, matano hufika manne, na mchele hufika unga. Mimi nimeanza Python baada ya Idi, nikajigamba mbele ya ami kwamba nitaandika kitu: laptopu ya dukani itume oda, laptopu kuukuu ya ghalani iipokee na kuionyesha. Ya dukani ni Windows, ya ghalani ni Ubuntu, aina ya Linux. Waifai haipenyi kuta za mawe za nyumba zetu, kwa hiyo tumevuta waya wa mtandao juu ya mapaa.

Hii ndiyo seva, programu ya ghalani inayongoja oda, nimeihifadhi kwa jina `socket.py`:

```
import socket
s = socket.socket()
s.bind("127.0.0.1", 5000)
s.listen()
mgeni, anwani = s.accept()
oda = s.recv(1024)
print(oda)
```

Na hii ni klayenti ya dukani, inayozituma:

```
import socket
s = socket.socket()
s.connect(("192.168.1.14", 5000))
s.send("mchele,5")
```

Nikiiwasha seva napata: `AttributeError: partially initialized module 'socket' has no attribute 'socket'`. Nimefuta Python nikaiweka upya mara mbili. Ami ameanza kuuliza maswali.

Mzee_wa_Daka

Wa aleikum salaam mwanangu. Python haina kosa, usiifute tena. Umeliita faili lako `socket.py`. Unaposema `import socket`, Python hutafuta kwanza kwenye folda lilimo faili unaloliwasha, inalikuta faili lako, inadhani ndilo moduli uliyoitaka. Faili linajiagiza lenyewe, halafu linajiuliza mbona sina kitu kinachoitwa socket. Lipe jina jingine, `seva_ghala.py` kwa mfano. Na usije ukaita faili jingine `threading.py` au `random.py`, utarudi hapa hapa.

Kuanzia Python 3.13 ujumbe wa kosa hili wenyewe hukushauri ubadilishe jina la faili. Sisi wa zamani tulilipata kwa machozi.

Kaskazi_Boy

Na ufute folda ya `__pycache__`, Python inamohifadhi nakala za mafaili yake, la sivyo itaendelea kusoma lile la zamani.

Mzee_wa_Daka

Hilo lilikuwa la Python 2, bwana. Python 3 haisomi kilichomo `__pycache__` ikiwa faili lenyewe halipo. Kufuta hakudhuru, lakini si dawa.

Kijana_wa_Langoni

Jina nimebadilisha. Sasa inasema `bind() takes exactly one argument`. Nimempa viwili kweli, lakini anwani na poti, ile namba ya mlango wa programu, si ni vitu viwili?

Bi_Malindi

Ni vitu viwili ndani ya bahasha moja. Mabano mawili: `s.bind(("127.0.0.1", 5000))`. Kwenye klayenti umeyaweka sawasawa, kwenye seva umeyasahau. Na kama baadaye utamwuliza mtu poti kwa `input()`, kumbuka kuipitisha kwenye `int()`, kwa sababu kilichochapwa ni maandishi, na poti lazima iwe namba.

Lakini ngoja, hata ukirekebisha hilo haitafanya kazi. Iwashe halafu urudi utuambie dukani umeona nini. Nataka ulione mwenyewe.

Kijana_wa_Langoni

Dada umenipiga utabiri. Seva imewaka, imetulia kimya. Dukani baada ya sekunde kama mbili: `ConnectionRefusedError: [WinError 10061]`, eti kompyuta ya upande wa pili imekataa. Nimezima faiawoli ya Windows, ule ukuta unaozuia wageni wa mtandao, bado. Nimeping ghala, inajibu.

Bi_Malindi

Kwanza iwashe faiawoli. Umevunja mlango wa duka kwa sababu mlango wa ghala haufunguki.

Sasa soma kosa lako polepole. *Imekataa.* Ili mtu akukatae lazima umfikie. Waya wako uko sawa, anwani ya IP iko sawa, pakiti, yaani kifurushi cha data, imetoka dukani, imepita juu ya mapaa, imefika ghalani, na Ubuntu imerudisha jibu: hapa poti 5000 hakuna anayesikiliza. Kule Linux kosa hilo hilo ungeliona kama `[Errno 111] Connection refused`. Hizo sekunde mbili ni za Windows. Hukataliwa, hujaribu tena, kisha ndipo ikuambie.

Linalotisha zaidi ni kimya. Ukiona programu inasubiri mpaka inachoka na kusema `TimeoutError`, hapo ndipo uanze kushuku faiawoli inayomeza pakiti, IP isiyo ya mtu, waya uliong'olewa na paka. Kukataliwa na kunyamaziwa ni mambo mawili tofauti kabisa, na wanaoanza wengi huyatibu kwa dawa moja.

Kwa nini hakuna anayesikiliza na seva imewaka? Kwa sababu ya `127.0.0.1`. Hiyo ni anwani ya kompyuta kujisemesha yenyewe. Umemweka mtu wa ghala chumbani, ukamwambia asikilize hodi zinazobishwa kutoka mle mle chumbani. Weka `"0.0.0.0"`, maana yake sikiliza kwenye anwani zote za kompyuta hii, au weka `"192.168.1.14"` yenyewe. Kisha ghalani kwenye terminali andika:

`ss -ltn`

Tafuta mstari wa 5000. Ukiona `127.0.0.1:5000` bado uko chumbani. Ukiona `0.0.0.0:5000` uko barazani.

Na ukishakuwa barazani, kila aliye kwenye mtandao huo anaweza kubisha. Kama ruta hiyo ndiyo inayowapa wateja Waifai ya bure, fikiri mara mbili.

Kijana_wa_Langoni

Wateja hatuwapi Waifai dada, ami hawezi.

Nimeweka `0.0.0.0`. Sasa seva haiwaki kabisa: `OSError: [Errno 98] Address already in use`.

Kaskazi_Boy

Badilisha poti iwe 5001, umalize.

Mzee_wa_Daka

Na kesho 5002, na keshokutwa 5003, na klayenti nayo ihaririwe kila mara. Kijana, uliizima vipi ile seva ya kwanza?

Kijana_wa_Langoni

Ctrl+Z.

Mzee_wa_Daka

Nilijua. Ctrl+Z haizimi, huilaza tu. Seva yako ya kwanza imelala pale pale imekumbatia poti 5000. Andika `fg` irudi mbele, kisha Ctrl+C. Kama `fg` haikuirudisha, `ss -ltnp` itakuonyesha namba ya programu inayoshika poti, uiue kwa `kill -9`.

Kuna sababu ya pili ya kosa hili, na utaikuta leo leo, kwa hiyo nakuwekea kabisa. Hata ukiizima vizuri, muunganiko uliofungwa hubaki kwenye kumbukumbu ya mfumo kwa muda, hali inaitwa `TIME_WAIT`. Linux huushika kwa sekunde 60, isije pakiti iliyochelewa njiani ikaingia kwenye mazungumzo mapya. Upande uliofunga kwanza ndio unaobaki na hali hiyo, na wewe unayezimazima seva ndiwe unayefunga kwanza. Tia mstari huu kabla ya `bind`, si baada yake:

`s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1)`

Huu hautakusaidia kwa ile iliyolala na Ctrl+Z. Hiyo bado inasikiliza, na Linux haitakupa nafasi ya mtu aliye hai. Tena uuweke Linux tu. Windows mstari huo una maana nyingine, huweza kuruhusu programu mbili zigombee poti moja.

Na Kaskazi_Boy asije akakushauri poti 80. Chini ya 1024 Linux humtaka msimamizi wa mfumo, utapata `PermissionError` na uanze kuandika `sudo` kila mahali.

Kaskazi_Boy

Mimi sijasema kitu jamani.

Kijana_wa_Langoni

Alhamdulillah, zimeunganika! Kisha zimeanguka zote mbili kwa mpigo. Dukani: `TypeError: a bytes-like object is required, not 'str'`. Ghalani: `OSError: [Errno 107] Transport endpoint is not connected`. Hii ya ghalani inanichanganya. Zimeunganika, nimeona kwa macho yangu, mbona inasema hazijaunganika?

Mzee_wa_Daka

La dukani ni dogo. Soketi, hiyo `s` yako, ncha ya mawasiliano ya programu, haijui herufi, inajua baiti. UTF-8 ndiyo njia ya kugeuza herufi kuwa baiti: `s.sendall("mchele,5".encode("utf-8"))`, na ghalani `.decode("utf-8")`. Tumia `sendall`, achana na `send`. `send` huweza kutuma sehemu tu ya ulichompa kisha ikurudishie idadi ya baiti ilizotuma, na hakuna anayeanza ambaye huitazama hiyo idadi.

La ghalani ndilo lenye somo. Wewe ni wa Amu, nyumba zetu unazijua. Mgeni akibisha hodi hupokewa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Aliyekaa daka kazi yake ni moja: kumpokea, kumwonyesha ndani, kisha kurudi kumngojea mwingine. Mazungumzo hayafanyiki kwake. `s` yako ndiye wa daka. `accept()` inakupa soketi *mpya*, uliyoiita `mgeni`, na hiyo ndiyo iliyounganika na duka. Wewe ukaenda kumwuliza wa daka habari za oda: `s.recv`. Naye akajibu kweli tupu, mimi sijaunganika na mtu. Andika `mgeni.recv(1024)`.

Kijana_wa_Langoni

Imefanya kazi!! `mchele,5` imetokea ghalani. Ami amekuja kuona mwenyewe, kaguna. Nimetia `while True` ili niendelee kupokea. Nitarudi kesho na habari.

Kijana_wa_Langoni

Kesho imefika na habari si nzuri. Mambo matatu.

Moja, nikituma oda haraka haraka, ghalani zinatokea zimegandana: `mchele,5unga,3sukari,2`. Nyumbani nilipojaribu hazikufanya hivi hata mara moja.

Pili, wateja wengine wakubwa ami huwaandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea daftarini. Nilipotuma orodha ndefu ya hoteli moja ya Shela, seva ilianguka: `'utf-8' codec can't decode byte 0xd9 in position 1023: unexpected end of data`. Orodha fupi za Kiarabu zapita.

Tatu, nikifunga klayenti, ghalani skrini inajaa mistari mitupu bila kikomo na feni inalia kama boti ya Mokowe.

Bi_Malindi

Sasa ndiyo umefika kwenye soketi zenyewe. Yale ya jana yalikuwa tahajia.

Uliandika `recv(1024)` ukidhani maana yake ni "nipe ujumbe mmoja". Sivyo. Maana yake ni "nipe kilichopo sasa hivi, kisizidi baiti 1024". TCP, utaratibu wa mawasiliano unaotumiwa na soketi zako, haijui ujumbe ni nini. Inachokuahidi ni kwamba baiti zitafika zote, kwa mpangilio ule ule zilivyotumwa. Zitafika kwa mafungu gani, haijaahidi. Dukani umemimina ndoo tatu za maji kwenye mfereji. Ghalani usitegemee kuzikuta ndoo. Utakinga maji, na utakinga kiasi kilichokuwa kimefika ulipoweka kata. Ndiyo maana oda tatu zimegandana, na ndiyo maana nyumbani hukuliona: ulichapa oda moja, ukainua macho kutazama, ukachapa nyingine. Polepole yako ndiyo iliyokuwa inatenganisha ndoo. Hilo ndilo baya la kosa hili. Hukaa kimya wakati wa majaribio, hujitokeza siku ya biashara.

Na usitumie dawa ya `time.sleep(1)` kati ya oda. Utaiona kila mahali mtandaoni. Ni kufunga kidonda na gazeti.

La pili ni hilo hilo limevaa kanzu. Herufi ya Kiarabu kwenye UTF-8 ni baiti mbili. Orodha ya Shela ilizidi 1024, kisu kikapita katikati ya herufi: baiti yake ya kwanza, hiyo `0xd9`, ikabaki nafasi ya 1023, ambayo ndiyo ya mwisho ukihesabu kuanzia sufuri, na mwenzake akaja kwenye fungu linalofuata. Ukai-decode nusu ya herufi. Kuongeza 1024 iwe 4096 ni kusogeza kisu tu.

La tatu: `recv` ikirudisha `b""`, baiti tupu, hiyo ni salamu ya kuagana. Upande wa pili amefunga. Wewe umeendelea kumwuliza mtu aliyeondoka, naye anaendelea kukujibu hakuna, mara maelfu kwa sekunde. Feni ina haki yake.

Basi tuweke alama ya mwisho wa oda, mstari mpya, na tukusanye mpaka tuione:

```
bafa = b""
while True:
    kipande = mgeni.recv(1024)
    if not kipande:
        break
    bafa += kipande
    while b"\n" in bafa:
        mstari, bafa = bafa.split(b"\n", 1)
        print(mstari.decode("utf-8"))
mgeni.close()
```

Dukani kila oda iishie na `"\n"` kabla ya `encode`. Angalia mahali nilipoiweka `decode`: baada ya kukata mstari. Kwenye UTF-8 baiti ya mstari mpya haitokei kamwe ndani ya herufi nyingine, kwa hiyo ukikata hapo huwezi kupasua herufi ya mtu. Na ile `while` ya ndani usiibadilishe kuwa `if`, maana fungu moja laweza kuja na oda tatu kamili.

Mzee_wa_Daka

Dada umemaliza. Niongeze tu kwamba kwa maandishi ya mistari kuna njia fupi, `for mstari in mgeni.makefile("r", encoding="utf-8"):`, inafanya ukusanyaji huo yenyewe. Lakini aandike kwanza hii ndefu kwa mkono wake.

Kijana_wa_Langoni

Nimeandika yote. Kiarabu kinapita, hazigandani, feni imenyamaza. Wallahi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu baiti kwa vidole.

Sasa ami anataka laptopu ya nyumbani nayo itume. Ikiwa duka limeunganika, ya nyumbani inakaa inasubiri tu. Nimesoma kwamba nahitaji nyuzi, `threading`, yaani programu moja ifanye kazi kadhaa kwa pamoja. Uzi ndani ya uzi?

Kaskazi_Boy

Ndiyo, threading. Kila mgeni na uzi wake.

Bi_Malindi

Threading itafanya kazi, lakini duka la nafaka lina oda ngapi kwa saa? Kinachokuziba ni kwamba duka limeshika mlango siku nzima bila la kusema. Fanya hivi: kila oda ifungue muunganiko, itume, ingoje jibu, ifunge. Ghalani ile `accept()` iwe ndani ya `while True` ya nje. Wakija wawili kwa pamoja, wa pili atasubiri nukta chache.

Hilo la kungoja jibu usiliruke. `sendall` ikirudi salama haina maana kwamba ghala limesoma oda. Maana yake ni kwamba mfumo wa Windows wa dukani umezipokea baiti zako utazipeleka. Umeme ukikatika ghalani nukta hiyo, wewe dukani unaona kila kitu kizuri na punda hapakiwi. Ghala likishaandika oda ndipo lirudishe `mgeni.sendall(b"SAWA\n")`, na duka lisionyeshe tiki mpaka liisome hiyo SAWA. Upande wa duka weka `s.settimeout(10)` kabla ya `connect`, usije ukaganda ukimsubiri aliyezimikiwa.

Kijana_wa_Langoni

Na muda ukiisha, nitume tena? Je kama oda ilifika ila SAWA ndiyo iliyopotea? Hoteli itapelekewa mchele mara mbili.

Bi_Malindi

Hilo swali wapo waliosomea wasioliuliza. Ipe kila oda namba kutoka dukani: `107,mchele,5`. Ukituma tena, tuma na namba ile ile. Ghala liziweke kwenye faili namba lilizoshapokea. Ikija iliyoshapita lijibu SAWA bila kuongeza gunia.

Kijana_wa_Langoni

Nimefanya hivyo. Jana umeme ulikatika kweli magharibi. Dukani: `TimeoutError`, kama ulivyosema, kimya na si kukataliwa. Uliporudi nikaiwasha seva, nikatuma tena 131, ikajibu SAWA, haikuandika mara mbili kwa sababu ilikuwa imeshaingia kabla ya giza. Nimemwonyesha ami faili, amelisoma lote kuanzia 101.

Sasa anauliza kama yule wakala wake wa Mokowe, ng'ambo, naye anaweza kutuma oda kwa simu. Nimejaribu kumpa `192.168.1.14`, inamkalia kimya tu.

Mzee_wa_Daka

192.168 ni anwani ya ndani ya nyumba yenu, mwanangu. Ng'ambo haijulikani, hata nyumba ya jirani haijulikani. Na kabla hujafungua seva hiyo kwa dunia nzima, kuna mambo ya usalama ambayo humu hatujayagusa hata kidogo. Fungua uzi mpya, na useme intaneti ya duka ni ya namna gani.